King'ora cha Kurudi

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye mkutano wa watumishi wastaafu wa afya. Tuliketi kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, tukasikiliza mhadhara kuhusu huduma za dharura mjini Juba. Mzungumzaji alikuwa kijana nadhifu mwenye sauti ya kupendeza. Alipofika kwenye miaka ya mkataba wa amani alisema, kama mtu anayetaja jambo linalojulikana na wote, kwamba gari la wagonjwa la enzi zile lilikuwa na mazoea ya kupiga king'ora likiwa limebeba maiti, ili lipite foleni ya darajani. Watu walicheka. Niliinua mkono. Nikaambiwa maswali yatapokelewa baada ya chai, na baada ya chai kipaza sauti kilikuwa kimekwisha kurudishwa kwenye sanduku lake.

Kwa hiyo naandika. Simlaumu kijana yule. Aliyasikia kwa mtu, na mtu huyo aliyasikia kwa mwingine. Lakini mimi nilikuwa ndani ya gari lenyewe. Mazoea hayo hayakuwapo. Jambo linalosimuliwa lilitokea mara moja tu, na hata hiyo mara moja halikuwa kama linavyosimuliwa. Yupo mtu aliyepoteza kazi yake kwa ajili hiyo, na mpaka leo hakuna aliyemrudishia heshima yake.

Nilirejea Juba kutoka Kenya, nilikosomea na kuzeekea nusu ya umri wangu, mara baada ya bunduki kunyamaza. Nilikabidhiwa cheo cha msimamizi wa usafiri wa wagonjwa. Cheo kilikuwa na barua iliyopigwa muhuri, ila hakikuwa na ofisi, wala meza, wala kiti. Kiti pekee kilichokuwapo ni kile cha mbele katika gari la wagonjwa, upande wa abiria. Nikakikalia. Ndivyo karani wa miaka mingi alivyogeuka kuwa mtu wa tatu katika kikosi cha watu watatu, na sijapata kukalia kiti kilichonifaa kuliko kile.

Dereva alikuwa Mganda wa upande wa Nile Magharibi, mtu mnene mwenye mikono myepesi, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameendesha malori ya sukari na sabuni kati ya Arua na Juba. Muuguzi, ambaye sote tulimwita Sista, alikuwa binti wa kwetu aliyelelewa Nakuru. Alizungumza Kiswahili cha huko kwa kasi ya mtu anayehofia kukatizwa. Mimi nilivaa koti na tai kila siku, kwa kuwa nilifundishwa kwamba mtumishi wa umma huonekana kwanza kabla ya kusikika. Sista hakuniacha nipumue.

"Mzee, na hili joto? Hilo koti limekukosea nini hadi ulitese hivyo?"

"Koti ni utaratibu, Sista."

"Sawa basi. Siku tukiishiwa blanketi, nitajua utaratibu uko wapi."

Dereva alicheka hadi usukani ukatikisika. "Sista, wacha mkubwa. Watu ikiona koti inajua serikali imekuja."

Sasa nieleze habari ya king'ora, maana ndicho kiini cha jambo hili.

Katika miaka ile, sauti ya king'ora mjini Juba ilikuwa na maana moja: mkubwa anapita na walinzi wake. Mwenye busara alitoka barabarani, akaingiza watoto ndani, akafunga mlango. Wiki zetu za mwanzo tuliitwa mtaa wa Gurei, kwa mzee aliyevunjika paja. Tulikwenda tukipiga king'ora kama vitabu vinavyoagiza. Kadiri tulivyokaribia, ndivyo mtaa ulivyozidi kuwa mtupu. Wenye vibanda waliteremsha mbao. Wachezaji wa karata waliacha karata mezani. Hatukupata hata mtu mmoja wa kutuonyesha nyumba. Tulipoipata, kwa kufuata kilio cha mgonjwa mwenyewe, tuliwakuta mabinti zake wamemvuta pamoja na paja lake lililovunjika, wamemsukuma chini ya kitanda na kumfunika kwa magunia ya makaa. Walidhani tumekuja kumkamata.

Siku ile, tukirudi, dereva alisema, "Mkubwa, tunafanya mbaya. Twende kimya. Turudi na kelele."

"Kwa nini turudi na kelele?"

"Kwenda, gari iko tupu, kelele ni ya nini? Kurudi, iko na mtu. Watu isikie iko na mtu hai, ipishe."

Niliona hoja yake ina akili, nikaitoa kama agizo. Kuanzia hapo tulikwenda kwa mgonjwa kimya kimya, na jamaa wa mgonjwa walisimamisha mtu njia panda kutungoja. Tukishampakia na kumwona anapumua, dereva aliwasha king'ora, na hakukizima mpaka lango la hospitali. Na ikiwa mgonjwa alitutoka njiani, dereva alikizima papo hapo, akapunguza mwendo, tukaingia mjini polepole kama watu wa msibani. Hilo halikuagizwa na mtu. Mkono wake ulijifanyia wenyewe.

Mji ukajifunza. Nani aliufundisha, sijui. Mwanzoni waliojua ni jamaa waliotufuata kwa bodaboda, wakitega masikio. Kisha wakajua wauza mboga, na wanawake wa mtaa wa Lemon Gaba waliokuwa wakichota maji, na akina mama wa Kiganda waliouza chapati kando ya barabara. Tulipopita tukilia, walisimama wakanyoosha kidole na kusema kwa Kiarabu cha Juba, "Lisa fi!" Yaani bado yupo. Watu wasiomjua mgonjwa, wasiojua hata ni wa kabila gani, katika mji ambao kila mtu aliulizwa kabila lake kabla ya jina, walifurahi kwamba bado yupo. Na siku tuliporudi kimya, na gari limefungwa nyuma, wanaume walivua kofia. King'ora chetu kiliaminiwa kwa sababu kilijua kunyamaza.

Nautamani ule mji. Natamani asubuhi zile, dereva akipangusa kioo kwa gazeti lililoloweshwa maji, Sista akihesabu glavu huku akiimba nyimbo za kwaya, na mimi nikishika kikombe cha chai ya maziwa mbali na koti langu. Natamani harufu ya gari lile, dawa ya kusafishia sakafu, vumbi, na simsim, yaani ufuta, aliyoisaga mke wa dereva na kuitia kwenye kopo. Tulikuwa na upungufu wa kila kitu, na sijapata tena kushiba namna ile.

Mwito wa siku ninayotaka kuisimulia ulitoka Nesitu, kwenye barabara ya kwenda Nimule, mahali ambapo malori husimama watu wapate kula na injini zipoe. Ulikuwa mchana wa jua kali. Mwanamke alikuwa na uchungu tangu usiku, na mkunga wa pale aliona kazi imemzidi. Tulivuka daraja, tukaenda kimya kama kawaida. Mume alikuwa mpakiaji mizigo kwenye malori, kijana mwenye mabega mapana, aliyekulia kambini Uganda. Alikuwa amesimama kando ya barabara yeye mwenyewe, kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine kutungoja.

Gari lilikuwa na nafasi ya jamaa mmoja tu. Akapanda mama mzazi wa mgonjwa. Mume akakodi bodaboda atufuate.

"Mtawasha?" alimuuliza dereva dirishani.

"Nitawasha."

"Na mkizima?"

"Ndugu, mimi hapana zima bure. Panda piki yako. Sikiliza tu."

Akawasha. Nilitazama nyuma kupitia kioo cha pembeni, nikamwona kijana amekaa nyuma ya mwendesha bodaboda, uso wake mweupe kwa vumbi letu, akitabasamu.

Barabara ile wakati huo haikuwa na lami. Ilikuwa mashimo na mawe, na kando yake bado kulikuwa na mawe yaliyopakwa rangi nyekundu kuonya juu ya mabomu ya ardhini, kwa hiyo hapakuwa na kukwepa. Dereva aliyachagua mashimo kama mtu anayechagua mchele. Tulikuwa hatujafika mbali Sista aliponiita, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na mzaha katika sauti yake.

"Mzee, njoo nyuma. Anazaa."

Nilipenya katikati ya viti. Sitaeleza yote niliyoyaona. Ni ya yule mama na ya wanawake waliokuwa naye. Nitasema mtoto alitoka, msichana, mwenye rangi ya majivu, na hakulia. Na nyuma yake ikaja damu, nayo haikukoma. Sista alifanya kazi kwa mikono miwili kana kwamba ana minne. Alikandamiza tumbo la mama, akanielekeza kufungua dripu, akamsafisha mtoto pua, akampulizia hewa kwa kifuko, akarudi kwa mama. Mikono yangu ya karani ilishika nilichoambiwa nishike. Bibi aliketi miguuni pa binti yake, akiita jina lake taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto asubuhi.

Mama akafariki. Sista aliweka vidole shingoni pake, akangoja, akaviondoa, akanitazama. Bibi alielewa bila kuambiwa.

Dereva aliona kwenye kioo chake. Alikuwa na kawaida ya kumtazama Sista kwenye kioo kile, naye Sista akatikisa kichwa. Nikauona mkono wa dereva ukiacha usukani kuelekea kwenye swichi, kama ulivyokuwa ukifanya siku zote.

Ndipo Sista alipomwinua mtoto. Alimwinua tu, juu, mpaka akaonekana kwenye kioo: kiumbe kidogo, chenye unyevu, kinachofungua na kufunga mdomo bila sauti.

Mkono wa dereva ulisimama hewani. Kisha ukarudi kwenye usukani. King'ora kikaendelea.

"Mzee," Sista alisema, "koti."

Nilivua. Tulimweka mtoto kifuani pa bibi, ngozi kwa ngozi, tukawafunika nalo, Sista akapiga magoti kando akiendelea kumpulizia hewa. Bibi alifungua mdomo kuomboleza, kama ilivyo haki ya kila mama. Sista akamwekea mkono begani. "Mama, huyu anakusikia. Mngojee kidogo tu." Na yule mwanamke aliufunga mdomo wake. Nimefanya kazi na watu wenye vyeo vikubwa, na sijapata kuona mamlaka kubwa zaidi ya ile, mtu juu ya kilio chake mwenyewe.

Tukafika darajani. Wanaolikumbuka daraja la siku zile watajua. Magari yalipita kwa zamu, upande huu kisha upande ule, juu ya mabati ya chuma yaliyopiga kelele, na zamu ilikuwa ya upande wa mjini. Malori yalijipanga mpaka mbali. Gari lisilo na king'ora lingengoja kama malori. Dereva alitoka kwenye foleni, akaenda mpaka kwenye kizuizi, king'ora kikilia. Askari alitujua.

"Lisa fi?" alipaza sauti.

Sista alitoa kichwa dirishani. "Fi!"

Askari akasimamisha upande wa pili, akatupisha. Na kwa kuwa bodaboda ya yule mume ilikuwa nyuma yetu kabisa, naye akapishwa, akasikia swali, akasikia na jibu. Nilimwona akimpiga mwendesha bodaboda mgongoni kwa furaha.

Mtoto alilia tulipokuwa tunapita sokoni. Kilio chembamba, cha hasira. Akina mama wa chapati hawakukisikia kwa sababu ya king'ora. Walinyoosha tu vidole kama siku zote.

Langoni dereva alizima. Manesi wa hospitali walimpokea mtoto, akapelekwa ndani pamoja na Sista na koti langu. Bibi alishuka, akasimama kwenye kivuli cha gari, na hapo akalia. Mume alikuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye pikipiki, angali anatabasamu. Alisikia kilio kile, akatazama ndani ya gari, akaona machela na shuka iliyofunika uso.

"Lini?" aliuliza.

Alimgeukia dereva.

"Lini, nauliza!"

"Kabla ya daraja," dereva alisema.

"Kabla ya daraja? Na wewe umepiga king'ora mpaka hapa? Ulisema hauzimi bure! Mwongo! Umenichekesha njia nzima, mke wangu amelala maiti!"

Alimshika dereva ukosi, akampiga. Dereva hakuinua mkono kujikinga. Nilitaka kuingilia kati. Nilikuwa na maneno mdomoni, maneno mawili tu, "kuna mtoto". Dereva alinitazama, akatikisa kichwa kwa nguvu hata nikanyamaza. Sista ndiye aliyetoka baadaye kumweleza kijana kwamba ana binti.

Maneno ya pale langoni yalifika sokoni kabla ya jioni. Gari la wagonjwa hudanganya, watu walisema. Kikao cha nidhamu kiliitishwa, cha waheshimiwa ambao hata mmoja wao hakuwa amepata kupanda gari lile.

"Ulijua kwamba mama amefariki?"

"Ndiyo, mkubwa."

"Na ukaendelea kupiga king'ora?"

"Ndiyo, mkubwa."

"Kwa sababu gani?"

Kimya. Niliinua mkono, nikasema nilikuwamo garini. Mwenyekiti alijibu kwamba mshtakiwa ana ulimi wake. Niliendelea kuzungumza, nikaombwa kutoka nje. Nilipotolewa nilikuwa nimekwisha kutamka kwamba kulikuwa na mtoto hai, na mtu fulani akasema kwamba mtoto hakuwa kwenye mwito. Mwito ulikuwa wa mama. Wakaona kimya cha dereva ni ukiri, wakamwachisha kazi.

Alipotoka nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya nyuma ya gari, anakula simsim kwa kidole. Nilimkaripia, nakiri sauti yangu ilipanda. Kwa nini hakusema?

"Mkubwa, keti." Nikaketi. "Yule mwanaume imepoteza mke. Mimi nimwambie kelele ilikuwa ya mtoto? Kesho ataangalia ile mtoto na macho gani? Kila kilio yake itasikia king'ora. Wacha akasirike na mimi. Mimi iko na mgongo mpana. Mtoto hapana na mgongo."

"Na kazi yako?"

"Lori iko."

Aliondoka kwa lori la sabuni lililokuwa likirudi tupu. Sista na mimi tulimsindikiza hadi upande wa pili wa daraja. Sista alijaribu kumtania, akashindwa, akamshika mkono tu. Dereva mpya aliyeletwa alikuwa mtu mwema. Alipiga king'ora akienda na akirudi, kama vitabu vinavyoagiza, na kabla ya kura ya maoni kufika hapakuwa tena na mtu barabarani aliyesema lolote tulipopita. Sista akapata kazi kwingine. Mimi nikapewa ofisi, na meza, na kiti.

Nilimtafuta dereva wetu wa kwanza. Niliuliza madereva wa malori. Mmoja aliniambia yuko Koboko, mwingine kwamba amerudi Arua anafuga nguruwe, mwingine hakumkumbuka.

Baada ya mkutano ule wa wastaafu, hasira ilinisukuma nipande gari kwenda Nesitu. Sasa barabara ina lami. Niliuliza kuhusu mpakiaji wa zamani, nikaelekezwa kwenye kibanda cha matairi. Mabega bado mapana, nywele zimeanza mvi. Nilijitambulisha. Aliniletea kiti, akanipa soda, akakaa mkabala nami.

"Mama mkwe aliniambia kabla hajafa," alisema. "Alisema mzee wa koti ataeleza vizuri zaidi. Mimi sikujua pa kukutafuta."

Nikamweleza yote, kama nilivyoyaeleza hapa, kwa mpangilio. Alisikiliza huku akizungusha spana mkononi.

"Nilimpiga," alisema mwishowe.

"Ulimpiga."

"Na hakusema?"

"Alisema ana mgongo mpana."

Aliiweka spana chini. "Yuko wapi, mzee? Nataka nimpeleke mtoto amwone."

Swali hilo ndilo nililolibeba mpaka pale, nikitumaini yeye ndiye atakayekuwa na jibu. Nilimwambia Koboko, au Arua, au sijui.

Binti mwenyewe alikuwa nje, kijana mrefu mwenye mabega ya baba yake, akijaza maji kwenye karai la kutafutia matundu ya matairi. Gari la wagonjwa likaja kutoka upande wa Nimule, jipya, jeupe, likilia kwa sauti kubwa. Lilipopita mbele yetu niliona vizuri kupitia madirisha yake ya nyuma: machela tupu, na mtu amelala kwenye benchi akichezea simu. Halikuwa limebeba mgonjwa yeyote.

Binti aliinua kichwa, akalinyooshea kidole chenye maji.

"Lisa fi," alisema, bila kumwambia mtu.

Nimetumia maisha yangu kusahihisha. Nilimtazama baba yake, naye akanitazama. Kisha tukaligeukia gari lile, tukalisikiliza mpaka sauti yake ikapotelea upande wa daraja.